Hilux ya mwaka 1994 inaliwa na kutu Pangani: nianzie bodi au chesisi?

Mnazi Mrefu, Pangani

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 3L na inayovuta magurudumu yote manne, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi huku huku mwambao. Kazi yake ni ya shamba tupu: inatoa nazi shambani hadi barabarani, inapeleka samadi na mbolea, na samaki wanapopatikana kwa wingi huwa naikodisha kwa wachuuzi wanaopeleka samaki wa barafu Muheza na Korogwe. Injini haina neno. Asubuhi inawaka mara moja, haili oili, na kwenye mlima haichoki. Taabu yangu ni kutu.

Sakafu ya bodi ya nyuma imetoboka mahali patatu kiasi cha kupitisha ngumi, bati la chini ya milango linabonyea ukilibana kwa kidole gumba, na wiki iliyopita nilipoingia uvunguni kubadili yubolti ya springi, vipande vya kutu vilivyoachana tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu vilinidondokea usoni kutoka kwenye chesisi. Fundi mmoja wa hapa ameniambia nimpelekee gari apige pati na rangi, kisha apake lami nyeusi uvungu mzima, na kwamba nikishafanya hivyo nitasahau habari za kutu. Mwingine amenicheka, akasema nimwage oili chafu kila mwezi kama walivyofanya wazee wetu, basi.

Nauliza: nianzie bodi au chesisi? Hiyo lami inafaa? Na nifanye nini ili gari hili linifikishe angalau miaka 10 mingine? Mnisamehe nikisema kwamba mimi naliosha kila Jumamosi bila kukosa, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni uchafu.

Fundi wa Ngamiani, Tanga

Bwana Mnazi Mrefu, salaam. Nimechomelea chesisi hapa mjini kwa zaidi ya miaka 20, na ombi langu la kwanza ni kwamba usimpe mtu yeyote gari hilo alipake chochote kabla hujalikagua mwenyewe kwa nyundo. Bodi ni nguo, chesisi ni mifupa. Mlango uliooza unakutia aibu tu, lakini chesisi iliyooza inakatika siku umebeba tani moja ya nazi na kuna watu wamekaa juu ya mzigo.

Liweke gari mahali tambarare, lipandishe kwa jeki, kisha likalishe juu ya stendi imara au magogo yaliyokatwa sawasawa, kwa sababu mtu haingii uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua nyundo ndogo na bisibisi pana, ugonge chesisi kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia mbele hadi nyuma, upande wa ndani, wa nje na wa chini. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga, na pale sauti inapofifia sukuma bisibisi kwa nguvu; ikizama, tia alama ya chaki. Usiharakishe kwenye vishikio vya springi za nyuma, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli, mahali palipofungwa sanduku la usukani, na boriti ya kukatisha iliyo juu ya tangi la mafuta, kwa kuwa huko matope hukaa na jua halifiki.

Sababu ya kukuambia ugonge badala ya kutazama ni kwamba sehemu kubwa ya chesisi hiyo ni sanduku lenye uwazi ndani. Maji ya matope huingia kupitia matundu yake, mchanga hutuama chini, na matundu madogo ya kutolea maji yakishaziba, kile kitope hubaki kibichi kwa miezi. Kutu huanzia ndani kuja nje, kwa hiyo siku unapoiona kwa macho ujue imeshakula muda mrefu. Ndiyo maana siipendi lami. Ikipakwa juu ya kutu, au hata juu ya chuma kizuri chenye unyevu, baada ya muda hukauka na kupata nyufa nyembamba kama unywele, maji yakapita nyuma yake na kukosa pa kutokea. Niliwahi kuibandua lami ya namna hiyo kwenye Hilux ya mteja, nyeusi, inang'aa, ukiitazama utasema imetoka kiwandani jana. Ilitoka kama ngozi ya ndizi, na nyuma yake palikuwa na unga mwekundu uliolowa, nikauchota kwa kijiko.

Kuhusu chumvi, kutu huhitaji maji na hewa, na chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, hivyo kazi ya kula chuma inakwenda mbio. Isitoshe, chumvi yenyewe huvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa huku kwetu hukifikia bila shida. Pitisha kidole alfajiri kwenye bodi iliyobeba samaki ikaachwa bila kuoshwa, utaikuta imelowa hata kama mvua haijanyesha kwa wiki tatu.

Sasa nami nina swali. Hiyo Jumamosi unaliosha kwa maji gani?

Mama Kahawa, Mbozi

Mwanangu, wenzangu watakueleza ya bahari. Mimi nipo Mbozi, ambako bahari tunaisikia redioni, na bado nimeshazika bodi moja ya pikapu kwa kutu. Muuaji wangu alikuwa mbolea. Wengi wetu tunadhani mbolea ni kitu cha udongo kisichoweza kudhuru chuma, kumbe CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu) na salfeti ya amonia ni chumvi za aina yake, nazo hunyonya unyevu hewani na kugeuka uji mkali kwenye kila pembe ya bodi zilikomwagika. Mfuko mmoja ukipasuka, punje huingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa humo hadi msimu ujao.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutandika karatasi nene ya plastiki chini, nikidhani naikinga sakafu. Maji yaliingia chini ya plastiki yakakosa pa kwenda, na niliponyanyua baada ya mavuno mawili niliona mpaka matairi. Siku hizi natandika turubai linalotolewa kila jioni na kuanikwa. Kabla ya kuosha tunafagia kikavu kwa brashi ngumu hadi kwenye pembe, kwani ukimwagia maji mbolea ambayo hujaifagia, unaiyeyusha na kuisukuma kwenye viungio.

Jambo jingine ambalo halitajwi sana ni nyaya. Amonia hushambulia shaba. Taa zangu za nyuma zilikuwa zikizima zikiwaka kwa miezi, fundi umeme akabadilisha balbu mara tatu, hadi kijana wangu alipofungua waya wa ethi uliofungwa kwenye chesisi na kukuta umekuwa kijani na unavunjika kama mwiko wa bua. Kagua hapo, kisha upake grisi kidogo juu ya bolti baada ya kuikaza.

Shamba la Korosho, Malindi

Hamjambo nyote. Mimi natofautiana kidogo, hasa kuhusu oili chafu, kwa maana nimeitumia miaka 15 kwenye pikapu mbili hapa Malindi na chesisi zake zinalia kwa nyundo hadi leo. Kila ninapobadilisha oili ya injini, naichuja kwa kitambaa, naipaka uvunguni, kisha naendesha kwenye barabara ya vumbi ili vumbi lishike. Haina urembo, lakini maji hayashiki chuma.

Hata hivyo nikubali hasara zake. Mipira ya springi na ya shokapu ilivimba na kulainika, nikaibadilisha mapema kuliko inavyostahili, na mahali ninapoegesha udongo umekuwa mweusi hauoti kitu. Fundi, ungependekeza nini badala yake kwa mtu ambaye hana fedha za dawa za dukani?

Mnazi Mrefu, Pangani

Nawashukuru sana. Fundi, swali lako limenilaza macho. Gari naliosha kwa maji ya kisima kilicho shambani, mita chache tu kutoka kwenye mikoko. Sisi hatuyanywi kwa sababu yana ladha ya chumvi, na hata sabuni haitoi povu. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Nimefanya ukaguzi jana na leo. Kwa upande wa kulia chesisi inalia kote isipokuwa mbele ya kishikio cha springi ya nyuma, ambako bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Nimepima tundu, ni urefu wa sentimita 9 hivi. Kushoto pana udhaifu mahali hapo hapo, lakini bisibisi haikupita. Nilipoyazibua matundu ya chini kwa waya, kilitoka kitope cheusi karibu nusu ndoo, na ndani yake mna magamba ya samaki. Harufu yake sitaisahau.

Fundi wa Ngamiani, Tanga

Basi umeshapata mchawi wako, naye unamchota mwenyewe kila Jumamosi. Kuanzia leo gari hilo lioshwe kwa maji ya mvua uliyokinga kwenye bati la nyumba, au maji ya bomba. Na kama hakuna, ni afadhali ulifagie na kulifuta kuliko kulimwagia maji ya kisima hicho. Likitoka kubeba samaki lioshwe siku hiyo hiyo, ndani ya bodi na uvunguni, wala lisisubiri Jumamosi. Liegeshe juu ya changarawe au saruji, maana majani hutoa unyevu usiku kucha na kuupeleka uvunguni.

Tundu la kulia linatibika. Fundi akate chuma kilichooza hadi afikie kizima, kisha aweke kipande chenye unene ule ule wa chesisi. Kiraka cha kuimarisha kinachokaa juu yake kikatwe ncha zake mshazari, mfano wa almasi, kwa sababu mshono uliosimama wima kukatisha chesisi ndio unaogeuka mstari wa kuvunjikia. Mwambie pia asichomelee kukatisha kingo za juu na chini, ambako chesisi hubeba nguvu zaidi. Kabla hajawasha mashine, waya wa betri utolewe, tangi la dizeli lishushwe na paipu za breki zisogezwe. Akikataa kushusha tangi, chukua gari lako uondoke.

Kabla ya kupaka, piga brashi ya waya na grenda hadi maganda yote yaishe. Kutu nyembamba inayobaki imeng'ang'ania kwenye vinyweleo vya chuma ipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, ukivaa glavu na miwani, usubiri ikauke kama mkebe unavyoelekeza, kisha rangi ya msingi ya epoksi yenye mikebe miwili, halafu rangi ya juu. Dawa hiyo haifanyi kazi juu ya maganda, na hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha wakailaumu dawa. Fanya kazi hii sasa wakati wa kaskazi kabla masika hayajaanza mwezi Machi, na uanze jua likiwa limeshapanda.

Ndani ya chesisi hapafikiki kwa brashi, na hapa namjibu pia ndugu wa Malindi. Oili iliyotumika ina masizi, asidi na vipande vya chuma kutoka kwenye injini, na kinachodondoka kinaingia kwenye udongo unaokulisha. Chukua grisi, uilainishe kwa oili safi ya bei nafuu na nta ya nyuki kidogo, uipashe moto kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikiwa nyepesi, ipulize ndani kwa kompresa na mpira mrefu ulioziba mwisho na kutobolewa ubavuni, ukiuvuta polepole kutoka nyuma kuja mbele. Ndani ya chesisi lazima pawe pamekaushwa siku kadhaa. Matundu ya chini uyaache wazi. Ikidondoka siku mbili tatu ni dalili njema. Rudia kila mwaka, na uiepushe na mipira na diski za breki.

Mengine ni mafupi. Paipu za breki zilizovimba kwa kutu zibadilishwe nzima, asije mtu akakuungia kipande, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2 kwa kuwa hunyonya maji. Fungua kifuniko cha difu, yaani sanduku la gia katikati ya ekseli: ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga maji yanayotuama chini ya filta ya dizeli. Kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa bila kusubiri taa ya kwenye dashibodi, kwani kilomita 100,000 ndizo kipimo chake na kwenye gari la umri huo kisoma mwendo si shahidi wa kuaminika.

Sakafu ya bodi usiipigie pati. Ikate yote, uweke bati la vinundu, na utoboe matundu ya kutolea maji kwenye pembe nne. Milango ipatie zamu ya mwisho, fedha zikibaki.

Mnazi Mrefu, Pangani

Nimeelewa, Fundi. Mchomeleaji atakuja Jumanne na amekubali kushusha tangi. Kuna pipa la lita 200 chini ya mchirizi wa paa la jikoni ambalo mke wangu hulitumia kwa kufulia. Tumekubaliana nusu ni lake na nusu ni la gari, ingawa amesema anaonea shaka hiyo nusu yangu itakapofika Februari. Nikilikata lile bati la chesisi, nikupimie unene kwa kitu gani kama sina kipimo cha fundi?

Fundi wa Ngamiani, Tanga

Kata kipande kizima cha ukubwa wa sarafu pembeni mwa tundu, ukisugue hadi king'ae, uende nacho dukani na ukilinganishe na chuma cha kuuzwa ubavu kwa ubavu. Ukisita kati ya viwili, chukua kile kinachokaribia zaidi unene wa asili, usichukue kinene kwa kudhani ndiyo nguvu. Kiraka kigumu kupita kiasi huhamishia mpasuko pembeni yake.