Nimehama kutoka Leaf ya 2013 kwenda ya 2018 na sasa nafikiria kurudi kwenye petroli: naomba ushauri

Mkaazi wa Tegeta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu na magari ya umeme, kwa sababu nimekwama na usingizi umepaa.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na Nissan Leaf ya 2013, ile yenye betri ya kilowati-saa 24, na sikuwa na ugomvi nayo isipokuwa umbali uliokuwa ukipungua kila mwaka. Mwaka huu niliiuza, nikaongeza fedha na kuagiza kutoka Japani ya 2018 yenye kilowati-saa 40. Kuhusu umbali sina neno: natoka Tegeta hadi Posta na kurudi huku kiyoyozi kikiwaka, na nikifika nyumbani betri bado ina zaidi ya nusu.

Kinachonisumbua ni hivi vitu vipya ambavyo gari la zamani halikuwa navyo. Kuna swichi ya e-Pedal, ambayo ukiiwasha unaendesha kwa kanyagio moja tu: ukikandamiza linakwenda, ukiachia linapunguza mwendo lenyewe hadi linasimama kabisa bila kugusa breki. Mke wangu anasema linamtia kichefuchefu. Zaidi ya hapo, nikiwa Barabara ya Bagamoyo gari hupiga kelele ninapokaribia mstari, kisha usukani huvutwa kama vile kuna mtu mwingine anaushika. Skrini nayo ni Kijapani kitupu.

Swali langu ni moja: je, vitu hivi vinazimika moja kwa moja, au nilibadilishe gari kwa la petroli nipumzike?

KlachiNzito

Ndugu yangu, sisi tuliojifunza udereva kwa lori lenye klachi ngumu kama jiwe tulikuwa na kanyagio tatu na hatukuwahi kulalamika kuwa ni nyingi. Leo mmepewa moja na bado mnaomba ushauri. Mtu anapoanza kuendeshwa na gari lake, kosa si la gari. Rudi kwenye petroli, nunua la gia za mkono, na mkeo atapona.

Limuru Road

Mimi niko Kenya, na ninapinga vikali. Kila asubuhi nateremka kutoka Limuru kuingia Nairobi, na e-Pedal ndiyo sababu kubwa ya kulipenda gari langu, kwa maana mteremko wote ule unageuka kuwa chaji badala ya kuteketeza pedi za breki. Katika mlima wenye foleni unaachia mguu na gari linabaki limeganda pale pale, halirudi nyuma hata kidogo. Nissan walipoizindua Leaf hii Septemba 2017 walieleza kwamba kanyagio hilo linatosheleza takriban asilimia 90 ya mahitaji ya dereva, na kwa upande wangu sioni kama walitia chumvi.

Madereva wa teksi za NopeaRide, zilizokuwa zikitumia Leaf hapa jijini kuanzia 2018 hadi kampuni ilipofunga mwishoni mwa 2022, walikuwa wakiniambia kwamba siri yote iko kwenye kifundo cha mguu. Usiachie kwa ghafla. Inua mguu polepole, kama mtu anayemimina uji wa moto, na mama hatasikia kichefuchefu tena.

Mama Uniti

Kaka, hebu tuache kanyagio kwanza, kwa sababu mimi nina swali ambalo wauzaji hawalijibu. Mita yako ya LUKU iko katika tarifu ipi, yaani kundi lipi la bei ya umeme? Sisi tulio kwenye umeme wa watumiaji wadogo tuna ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja ni kilowati-saa moja, na betri ya kilowati-saa 40 ikijazwa mara mbili kutoka chini imeshaumaliza ukomo huo kabla ya friji na pasi. Dada yangu alinunua gari kama lako, na mshtuko wake haukuwa e-Pedal bali siku alipohamishwa tarifu.

Mbongo wa Leeds

Huku Uingereza, gari hili lilipoingia mwaka 2018, wamiliki walilalamikia jambo lingine kabisa. Betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo ukisafiri mbali na kuchaji kwa kasi mara ya pili au ya tatu katika siku moja, gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji ili betri isipate joto kupita kiasi. Wenyewe waliliita jambo hilo "rapidgate", na baadaye programu ilirekebishwa. Kwa mtu anayechaji nyumbani usiku halina uzito.

Kuhusu e-Pedal, wamiliki wamegawanyika pande mbili tangu mwanzo, na hata Nissan wenyewe katika Ariya, gari lao jingine la umeme, wameweka mfumo ambao hausimamishi gari kabisa, bali dereva analazimika kumalizia kwa breki. Kwa hiyo mkeo ana wenzake. Jibu la swali lako: ndiyo, linazimika kwa swichi ile ile, na katika mipangilio ya gari langu kuna chaguo la kulifanya likumbuke hali uliyoliacha nayo mara ya mwisho.

Volti na Nyaya

Mkuu Mkaazi, nimesoma bandiko lako na kuna kitu hakikai sawa. Kichefuchefu cha mke hakimkoseshi mtu usingizi hadi afikirie kuuza gari aliloliagiza mwaka huu huu. Swichi ya kuzima e-Pedal iko karibu na gia na unaiona kila siku. Tueleze kilichotokea.

Mkaazi wa Tegeta

Sikutaka kurefusha bandiko, lakini kwa kuwa umeuliza nitasema. Wiki iliyopita niligongwa nyuma na bajaji eneo la Afrikana. Nilikuwa nakaribia tuta, nikaachia kanyagio kama kawaida, gari likapunguza mwendo, na yule kijana akaja moja kwa moja kwenye bampa. Hakuna aliyeumia, isipokuwa abiria wake alichubuka goti. Kijana alisema kwamba nilisimama bila ishara yoyote, na watu waliokusanyika walimuunga mkono. Kwa hiyo swali langu bado ni lile lile, kama teknolojia hii inafaa kwa barabara zetu zenye bajaji na bodaboda, au ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoachiana nafasi.

KlachiNzito

Bajaji aligonga kwa sababu hakuacha nafasi. Mwaka fulani pale Mikese, nikiwa na shehena ya saruji, basi lilinifuata kwa karibu kiasi kwamba nilikuwa namwona dereva akitafuna muwa kwenye kioo changu. Lilipita salama, namshukuru Mungu, lakini dereva yule sijamsahau.

Volti na Nyaya

Mzee wangu, muwa tutaurudia. Mkaazi, kijana amesema "bila ishara yoyote". Je, taa zako za breki ziliwaka?

Nauliza kwa sababu gari hili halisubiri mguu ukanyage breki ndipo taa ziwake. Kompyuta ndiyo inayoziwasha pindi mwendo unapopungua kwa nguvu ya kutosha. Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo, inaagiza kwamba mota ikipunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde kila sekunde, taa lazima ziwake, na e-Pedal inaweza kufika karibu mita mbili. Gari lisilo na kasoro haliwezi kusimama namna hiyo likiwa kiza nyuma.

Mkaazi wa Tegeta

Nikikanyaga breki kwa mguu taa zinawaka vizuri, nimehakikisha mwenyewe. Nikiwa kwenye e-Pedal sijui, kwa sababu siwezi kuwa ndani na nyuma ya gari kwa wakati mmoja. Ila nadhani tunazunguka. Nimekwisha kuzungumza na dalali mmoja mwenye Toyota Kluger nzuri ya petroli, tukakubaliana nimpe hili niongeze kidogo, na nimemlipa sehemu ya nyongeza. Nilichotaka kutoka kwenu ni kujua kama kuna mwingine aliyerudi petroli na hakujuta.

Mama Uniti

Kumbe ulishaamua na umekuja kutafuta mashahidi.

Mtazamaji Mkimya

Naombeni radhi kwa kuingilia, lakini mimi nina mashaka na habari hii yote. Nimefuatilia bandiko la mwanzisha uzi katika jukwaa la magari la miezi michache iliyopita, ambako aliandika kuwa ameagiza Leaf ya daraja S kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Japani gari hili la 2018 lilitoka kwa madaraja ya S, X na G. E-Pedal iliwekwa kwa yote matatu, lakini ProPilot, ule mfumo unaoshika usukani, S haukupewa. Sasa usukani wake unavutwa na nani? Ama hana gari hili, ama ni mmoja wa watu wa yadi wanaotutisha ili tuuze Leaf zetu kwa bei ya kutupa. Dalali ametajwa, Kluger imetajwa, na bajaji ambaye hakuumia ametajwa. Filamu imekamilika.

Limuru Road

Hata mimi nilishangaa kidogo pale kwenye usukani, ila sikutaka kumvunjia mwenzetu heshima.

Mkaazi wa Tegeta

Nimesikitika sana. Gari ninalo, na ni S kama nilivyoandika wakati ule. Mimi sikutaja ProPilot popote. Hilo jina limeletwa na wewe. Nilisema usukani unavutwa kwa sababu ndivyo ninavyohisi. Kama kumiliki gari la bei nafuu ni kosa, basi nihukumiwe kwa hilo.

Volti na Nyaya

Mtazamaji, umefanya kazi nzuri ya kuchimba, lakini hitimisho limekimbia kuliko ushahidi. Kuna mfumo mwingine wa kumwonya dereva anapotoka kwenye mstari, ambao baada ya mlio hubana kidogo breki za upande mmoja ili gari lirudi ndani. Mtu asiyeujua ataapa kuwa usukani umevutwa. Mkaazi ameeleza kwamba mlio hutangulia kisha mvuto hufuata, na hivyo ndivyo mfumo huo unavyofanya kazi. Tena Barabara ya Bagamoyo mistari yake kuna mahali inaonekana na mahali imefutika, kwa hiyo utakuja na kupotea bila mpangilio. Nao unazimika kupitia menyu. Piga picha ya skrini, weka kwenye simu programu ya kutafsiri, utaipata.

Sasa turudi kwenye taa. Mkaazi, nani aliwahi kugusa nyaya za gari hili tangu lishuke bandarini?

Mkaazi wa Tegeta

Kuna fundi aliyeniwekea kengele ya wizi na kifaa cha kufuatilia gari. Ni fundi mzuri, amefanya magari mengi mtaani.

Volti na Nyaya

Aligusa waya wa taa za breki?

Mkaazi wa Tegeta

Baada ya kazi ile taa za breki zilikataa kuwaka, akazirekebisha siku hiyo hiyo. Alisema ameziunganisha moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya kanyagio la breki, na kwamba hivyo ni imara zaidi. Tafadhali tusimshambulie. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na ndiyo sababu sikutaka kumwingiza humu. Akijua kwamba nimemjadili mtandaoni nitalala sebuleni.

Volti na Nyaya

Hapo ndipo ilipo habari yote. Amekata njia ambayo kompyuta ilikuwa ikitumia kuziwasha taa, akaacha ya mguu peke yake. Kwa gari la petroli usingeona tofauti kamwe. Kwa gari hili, kila mara unapoachia kanyagio ukiwa kwenye e-Pedal, wa nyuma yako haambiwi chochote.

Lijaribu leo usiku. Tafuta ukuta mweupe kwenye maegesho, mtu asimame pembeni, si nyuma. Nenda kwa kilomita 30 kwa saa, kisha achia kanyagio na usiguse breki. Mpaka jibu lipatikane, izime e-Pedal na usimwazime mtu gari. Na atakayerekebisha asipite karibu na nyaya za rangi ya chungwa. Zile ni za umeme mkubwa, hazimhusu fundi wa kengele.

Mbongo wa Leeds

Naongezea kuhusu yule dalali. Sasa umejua kasoro iliyopo. Ukimkabidhi gari bila kusema, atakayelinunua kwake atalipenda hilo kanyagio kama Limuru Road anavyolipenda, na atakuwa na watoto kiti cha nyuma. Mwambie, hata kama bei itashuka.

Mkaazi wa Tegeta

Nakubali hoja, ingawa mniruhusu kusema kwamba watu wa yadi nao hawajawahi kuniambia lolote. Kuhusu Kluger bado sijabadili mawazo, kwa sababu fedha imeshatoka na mke wangu ameipenda kwa jinsi ilivyoinuka juu.

Mama Uniti

Kluger hiyo uliuliza inakula lita ngapi kutoka Tegeta hadi Posta, au nayo utatueleza ukibanwa?

Mkaazi wa Tegeta

Nimerudi. Nimejaribu kwenye ukuta wa godauni jirani, kijana wa dukani akisimama pembeni. Kwa mguu zinawaka. Kwa e-Pedal, gari limesimama kabisa na ukuta umebaki mweusi. Nimerudia, hali ni ile ile. Nimempigia dalali nikamwomba tusogeze mbele kukabidhiana, naye amesema fedha niliyolipa hairudi ila gari ataningojea hadi mwisho wa mwezi. Volti, unaweza kunielekeza kwa fundi anayejua mchoro wa nyaya za gari hili hapa Dar?

Volti na Nyaya

Nitakutumia namba kwa ujumbe wa faragha. Mwombe shemeji yako aje siku hiyo pia, aonyeshe mwenyewe alipokata. Itampunguzia fundi nusu ya kazi ya kutafuta.

KlachiNzito

Na mimi naomba hiyo namba. Si kwa ajili yangu, ni ya kijana wangu, ambaye ameagiza moja bila kuniuliza.