Naomba ushauri: sanduku la spika bado linavuma hata baada ya kubandika lami

Wadau, hamjambo. Nina spika mbili ndefu za kusimama, masanduku ya plaiwudi ya milimita 12, besi ya inchi 8. Nikicheza toni moja moja, kuta za pembeni zinavuma kati ya Hz 180 na 220. Ukiweka kiganja, ubao unatetemeka sana katikati, kwenye kona umetulia.

Nimeshabandika ndani shiti za lami zenye foili, zile za milango ya magari zinazouzwa Kirinyaga Road, Nairobi, unene milimita 2. Nilipiga msasa kwanza, nikazipasha moto ndipo zishike. Mvumo umepungua, haujaisha. Shiti hizo hufaa zaidi bati jembamba. Kwa plaiwudi nene naona ni nyepesi mno. Skrubu zimekazwa, gasketi ni mpya, na hewa haivuji.

Naombeni mnijuze: niongeze tabaka la pili, au nigundishe ubao wa kuunganisha kuta mbili za pembeni? Na ubao huo ukae umbali gani kutoka juu? Nikiuweka katikati kabisa, nahofia nusu zote mbili zitavuma kwa toni ileile.