Mjadala: Mbuzi akitumbukia shimoni, zimamoto watoke au wasitoke?

Mleta mada

Wakuu, kwema?

Aprili 2024, katika kijiji cha Wakdi, jimbo la Maharashtra huko India, paka alitumbukia kwenye kisima kikuukuu kilichokuwa kimegeuzwa shimo la kinyesi cha kutengenezea gesi. Mtu akashuka kumtoa, akapotelea humo. Akafuata wa pili kumtoa wa kwanza, kisha wengine nyuma yao. Walikufa watano. Aliyesalimika ni yule aliyejifunga kamba kiunoni kabla ya kushuka.

Misri nako, Julai 1995, watu 6 walizama katika kisima kimoja kijijini Nazlat Imara wakimfuata kuku. Kuku akatolewa hai.

Nimeanza na hayo makusudi, maana kila suala hili likizuka watu wanacheka: yaani gari zima, king'ora, askari na kofia zao, kisa paka? Mimi nasema watoke. Sisemi hivyo kwa huruma ya wanyama, ingawa huruma si dhambi. Nasema hivyo kwa kuwa mnyama akikwama hakosi mtu pembeni anayevua shati tayari kushuka. Mwenye mbuzi hana subira. Ukimjibu kwenye simu kwamba hatushughuliki na mbuzi, umemtuma yeye ashuke. Simu ya pili ikipigwa itakuwa ya binadamu, na uwezekano mkubwa ni kwamba mnaenda kutoa maiti.

Hoja iko mezani. Povu ruksa, matusi hapana.

Tabata Relini

Mleta mada umepanga vizuri vifo vyako, lakini mbona vya India na Misri? Njoo nyumbani. Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria pale Bukoba, wakafa watu 19, na waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Novemba 2024 jengo likaporomoka Kariakoo, watu wakakaa chini ya kifusi siku kadhaa. Nchi yenye rekodi hiyo unataka gari litoke kwa ajili ya mbuzi?

Fikiria foleni ya barabara ya Mandela hapa Dar saa kumi na moja jioni. Gari likishaingia kule kumfuata paka wa mtu, nyumba ikiwaka Buguruni huligeuzi hata ukipiga king'ora mpaka kikauke. Uzito wa jambo hauko kwenye mafuta, uko kwenye gari ambalo halipo kituoni linapohitajika.

Halafu 114 yenyewe, namba ya kuwaita zimamoto, inapigiwa simu za utani kila kukicha. Fungua mlango wa wanyama uone. Mara kuku yuko juu ya bati, mara popo wameingia darini.

Dada wa Kinyerezi

Naunga mkono Tabata. Paka hupanda mti mwenyewe, na hushuka mwenyewe njaa ikimshika.

Mzee wa Ughaibuni

Salaam nyote. Niko London miaka mingi, niwape ya huku, maana hesabu zao ziko wazi kwa mtu yeyote. London Fire Brigade, yaani zimamoto wa huku, wanaweka kumbukumbu ya kila safari ya mnyama tangu 2009 na wanaitoa hadharani. Ni mamia kila mwaka. Paka wanaongoza, wapo mbweha waliokwama kwenye uzio, farasi mtaroni, nyoka waliotoroka ndani ya nyumba za watu. Mwaka 2018 askari alipanda ngazi kule Edmonton kumfuata kasuku aliyekaa juu ya paa siku tatu. Kasuku akamtukana askari kwa Kiingereza, kisha ikaja kujulikana anasema Kituruki na Kigiriki pia. Akaruka mwenyewe hadi paa jingine. Wazungu walicheka wiki nzima.

Sasa sikilizeni upande wa pesa. Kila safari inaandikiwa gharama, zaidi ya pauni 300 kwa saa kwa viwango vya karibuni. Magazeti yanapenda kujumlisha hizo na kupiga kelele. Lakini hiyo ni gharama ya makadirio. Askari yuko zamu, mshahara wake unakwenda hata akikaa kituoni anakunywa chai.

Kisheria hawalazimiki. Sheria ya Uingereza ya 2004 inawabana kwenye moto na ajali za barabarani, wanyama ni hiari yao. Ndiyo maana wanawaambia wananchi waanze kwa RSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoanzishwa 1824, na hilo likishindwa ndipo zimamoto waitwe. Nadhani huo ni mpango wa maana. Kwetu hiyo hatua ya kwanza ni kama haipo, kwa hiyo kila kitu kinatua mlangoni kwa zimamoto au kwa vijana wa mtaa.

Mwanafunzi Korea

Mzee, shikamoo. Ninasoma Korea Kusini, na huku mjadala huu si wa vichekesho.

Mwaka 2011 mjini Sokcho askari wa zimamoto alianguka akijaribu kumwokoa paka kwenye jengo, akafa. Mwanzoni alinyimwa nafasi kwenye makaburi ya taifa, eti sheria ilitaja kuzima moto na kuokoa watu, paka hakutajwa. Mtu amekufa akiwa kazini, amevaa sare, ametumwa na mkubwa wake, halafu karani anafungua kitabu anatafuta neno paka!

Machi 2018 ikaja ya mji wa Asan. Mbwa alikuwa barabara kuu, wakatumwa askari mmoja wa kike na wanafunzi wawili wa kike waliokuwa mafunzoni. Lori likagonga gari lao la zimamoto lililokuwa limesimama, wote watatu wakafa. Hawakuwa kwenye moto, walikuwa kwa mbwa.

Kanuni za huku zinawaruhusu zimamoto kukataa simu ya mnyama isiyo ya dharura. Mbwa anang'ata watu, wanakwenda. Paka analia mtini, wanakwambia pole. Mleta mada anasema wakikataa mtu atashuka mwenyewe. Sawa, lakini wakikubali kila simu, anayekufa ni askari. Umebadilisha jina la marehemu tu.

Mleta mada

Mdogo wangu, hiyo ya Sokcho imenigusa, na kwa hilo la makaburi niko upande wako moja kwa moja. Ukimtuma mtu, ulinde na familia yake.

Ila ya Asan usiisome haraka. Mbwa kwenye barabara kuu ni hatari kwa madereva, kwa hiyo hata kanuni unayoisifu ingeweza kuwatoa kituoni. Kilichowaua ni lori. Pale ningeuliza kuhusu namna ya kusimamisha gari la dharura barabarani na kuwalinda walio chini, jambo ambalo lingewahusu hata kama wangeenda kwa ajali ya basi.

Tabata Relini

Rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye kochi. Hatari ni hatari, na kila safari ni tiketi nyingine ya bahati nasibu mbaya. Ndiyo maana unazipunguza.

Mstaafu wa Kikosi

Nimekuwa nasoma tu, ila niseme. Nilifanya kazi hii hadi kustaafu, kikosi gani hakina maana hapa.

Mnabishana juu ya mnyama, sisi tulikuwa tunaangalia mahali alipo. Paka juu ya mti na paka ndani ya shimo la choo ni kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya mti unaweza kuichelewesha hadi kesho bila madhara. Ya shimo hairuhusu hata kubishana.

Shimo la choo, karo la maji taka, kisima kilichoachwa, vyote vinaweza kuwa na hewa isiyo na oksijeni, au kuwa na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Watu hudhani watainusa na kuondoka. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza: unaacha kunusa, unadhani imeisha, kumbe ndiyo imezidi. Unavuta pumzi chache unalegea. Aliye juu anaona mwenzake ameanguka, anadhani ameteleza, anashuka. Hivyo ndivyo watu wanavyopangana humo chini kama hao wa India. Kitambaa chenye maji puani hakisaidii kitu. Kinachosaidia ni mtungi wa hewa mgongoni, kamba kiunoni, na mwenzako juu aliyeshika ile kamba na haruhusiwi kuiachia kwenda kupiga picha. Hilo la picha nimeliona kwa macho yangu.

Kwa ng'ombe, kuna jambo wananchi hawalijui. Wanafunga kamba shingoni au miguuni na kuvuta watu kumi, wanamvunja. Anatakiwa apitishiwe mikanda mipana chini ya tumbo na kifua, ainuliwe taratibu, na daktari wa mifugo awepo wa kumtuliza, maana mnyama mwenye kilo mia nne akipata nguvu shimoni anamponda aliye naye. Na akilala ubavu muda mrefu tumbo linajaa gesi, anaweza kufa hata kama amefikiwa. Hampshire, kusini mwa Uingereza, zimamoto wana watu waliosomea wanyama wakubwa na wanafanya kazi bega kwa bega na madaktari wa mifugo. Sisi tulijifunza kwa ng'ombe wa watu.

Kwa hiyo jibu langu: anayepokea simu ndiye wa kuamua, na awe na maswali machache. Mnyama yuko wapi? Kuna mtu ameshashuka au anataka kushuka? Anazuia barabara, yuko karibu na nyaya za umeme? Ukijibiwa hakuna hata kimoja, toa ushauri, kata simu. Ukijibiwa kuna kijana ameshavua viatu, gari litoke, na huku simuni umwambie huyo kijana akae mbali na mdomo wa shimo.

Mwana wa Kibokoni

Nawapa ya Mombasa. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti zimamoto na usimamizi wa majanga. Jedwali lilo hilo likazipa pia udhibiti na ustawi wa wanyama, hata leseni za mbwa. Yaani mwenye ngazi na mwenye jukumu la mbwa ni mwajiri mmoja, hakuna wa kumsukumia mwenzake. Wanyama wa porini ni wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukimuona chatu kwa banda la kuku unawapigia wao.

Lakini kuandikwa ni jambo moja. Ng'ombe akitumbukia, kwanza huja majirani, kisha mwenye kamba, kisha mwenye maoni. Gari ukiliona, shukuru Mungu.

Na kwa wanaosema wanyama ni upuuzi, Bangkok mwaka 2017 simu za nyoka zilizidi za moto mara nyingi sana. Wale askari hawakukataa, walijifunza kukamata nyoka. Mji ulijengwa juu ya kinamasi, nyoka wako mpaka kwenye vyoo. Kazi ya zimamoto hufuata mji ulivyo.

Dada wa Kinyerezi

Hapo Mstaafu kanielewesha. Naondoa nusu ya kauli yangu, ya mtini inabaki.

Tabata Relini

Na mimi kwa shimo nakubali, sitabishana na mtu aliyevaa mtungi. Swali langu sasa ni la pesa. Mtu wa Masaki ana mbwa wa mamilioni kaingia kwenye mtaro, kodi ya muuza mihogo ndiyo imtoe? Alipe. Kuwe na bei.

Mleta mada

Bei nimeifikiria na naiogopa. Ukitangaza kwamba mbuzi kutolewa ni elfu hamsini, mwenye mbuzi wa laki moja atapiga hesabu palepale, atamwita kijana wa mtaa kwa elfu tano. Huyo kijana ndiye niliyeanzisha mjadala kwa ajili yake. Wa Masaki atalipa bila shida, na hatukuwa na wasiwasi naye tangu mwanzo.

Kama ni lazima pawe na malipo, yawe kwa mwenye shimo. Aliyeacha karo bila mfuniko alipishwe, mnyama awe wa nani awe.

Mfugaji Simanjiro

Mnanifurahisha wajomba. Mimi nina ng'ombe, na nimeshapoteza kwenye visima. Mnazungumza kama gari liko nyuma ya nyumba. Kwetu kutoka bomani hadi lilipo gari la zimamoto ni safari ya kufunga chakula. Mkiamua litoke, sitaliona. Mkiamua lisitoke, sitaona tofauti.

Nikija kupiga simu, ninachotaka ni mtu wa kuniambia nifanye nini na kamba niliyo nayo. Hayo ya hewa mbaya na kamba ya shingoni aliyosema huyo mzee mstaafu, leo ndiyo nayasikia mara ya kwanza, na nina mvi.

Mstaafu wa Kikosi

Mzee mwenzangu, hilo ni la kweli na linatuuma. Kijijini kuna mgambo, kuna afisa mifugo wa kata. Hao wafundishwe siku moja tu: mikanda ya ng'ombe inapita wapi, mti wa kuegesha kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, unafungwaje juu ya kisima, na amri moja isiyo na mjadala kwamba hakuna anayeshuka kwenye shimo la choo bila mtungi, hata akiwa ameanguka mwanawe. Vifaa vya kuanzia havizidi kamba nzuri, kapi na mikanda miwili. Mtungi ubaki wilayani.

Mleta mada

Hiyo naibeba kwa diwani wangu wiki hii. Tabata, unasemaje?

Tabata Relini

Mgambo na kamba, naunga mkono. Mwenye karo wazi apigwe faini, naunga mkono. Paka wa mtini bado nimekataa, na yule kasuku mwenye matusi angeachwa huko huko juu.