Mbwa wangu akiona mbwa mwenzake haambiliki, naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nipo Jambiani, nafuga mbwa dume wa miaka mitatu, analinda nyumba na banda la mbuzi. Nyumbani mpole kabisa, kuku wanapita mbele yake wala hawagusi. Tabu inaanza nikimtoa kutembea pwani. Maji yakipwa, mbwa wa kuzurura wanatanda mchangani. Akimuona mmoja tu, hata awe mbali, kwanza anaganda, masikio mbele, manyoya ya mgongoni yamesimama, halafu anabweka na kuvuta kamba mpaka anajikaba mwenyewe. Juzi kinamama waliokuwa wanarudi na viroba vya mwani ikabidi wasimame wasubiri nipite. Niliona haya sana. Wengi hapa hawataki mbwa awakaribie, ute wake ni najisi, na wana haki yao.

Nimemgombeza, nikamchapa, ndio kwanza kazidi. Sitaki kumpiga tena. Naona ni woga kuliko ukali, maana alipokuwa mdogo aliumwa na mbwa mkubwa. Siku hizi nakaa mbali na wenziwe, nampa dagaa kabla hajaganda, na kidogo anageuka kunitazama. Lakini wale hawana mwenyewe wa kuwashika, wanatufuata tu.

Aliyepitia hili anisaidie: mbwa asiyefungwa akitujia, nifanye nini? Na saa gani bora kumtoa? Chanjo ya kichaa cha mbwa kashachomwa.