Babu alitungua ndege Vita vya Kagera, masimulizi yanagongana. Niandike lipi?

Mjukuu_Mkubwa: Wakuu, shikamooni. Arobaini ya babu ni Jumamosi na wasifu nimepewa mimi kuandika. Mwaka 1978 alikuwa kikosi cha kutungulia ndege. Tumekua tukijua aliangusha ndege ya Amin. Msibani akaja mzee aliyepigana naye, akasema haikuwa hivyo. Nimfuate nani? Usingizi sipati.

Mwana_wa_Kirumba: Pole sana. Mimi nilikuwa mtoto Mwanza. Machi 1979 ndege ya kudondosha mabomu ya Gaddafi wa Libya aliyemsaidia Amin, Tu-22, ilikuja kutupiga, mabomu yakakosa mji yakaangukia kisiwa cha Saanane. Wakafa swala! Tulicheka huku tunatetemeka.

Mama Neema: Arobaini haijafika mnamfukua mzee wa watu. Mwombeeni.

Kombania_B: Mdogo wangu, alikuwa wapi? Kyaka? Mutukula?

Mjukuu_Mkubwa: Kanda ya Ziwa, mkuu.

Kombania_B: Kanda ya Ziwa kubwa. Taja mji.

Mjukuu_Mkubwa: Musoma.

Kombania_B: Ungeanza na hilo. Musoma, vita ikiwa bado mbichi, ndege tatu zilizotunguliwa zilikuwa zetu. Wanajeshi wetu walidhani ni za Amin. Marubani walikufa. Amin ana ndege za kivita aina ya MiG, sisi tuna MiG, na aliye chini ana sekunde chache za kuamua. Simlaumu babu yako, ila ndege ya Amin usiiandike.

Mjukuu_Mkubwa: Lakini huenda kulikuwa na nyingine ya Uganda, mkuu. Halafu baba mkubwa ameshalipia bango: "Shujaa aliyeitungua ndege ya Amin." Kadi zimeshagawiwa.

Mama Neema: Na babu mwenyewe alisimuliaje?

Mjukuu_Mkubwa: Hakusimulia. Anayesimulia ni baba mkubwa.

Pilipili_Kichaa: Wakuu, hii chai. Marehemu hakusema, shahidi hana jina, bango hatulioni. Huyu anatunga stori. Weka picha.

Dereva_wa_Sirari: Chai ya rangi, tena imepoa 😂

Mjukuu_Mkubwa: Picha ya marehemu siweki hapa. Asiyeamini apite.

Pilipili_Kichaa: Nilijua.

Kombania_B: Hata kama yeye ametunga, ya Musoma hayakutungwa. Mdogo wangu, andika hivi: "Alipigana Vita vya Kagera, kikosi cha kutungulia ndege, Musoma, 1978." Hapo hakuna uongo wala aibu. Wale marubani nao waliacha watu, na mmoja wa watu hao anaweza kuwa amekaa kwenye turubai lenu hiyo Jumamosi.

Mama Neema: Hapo nimekuelewa, kaka. Mwanangu, mwite baba yako mkubwa faraghani, usimwambie mbele ya watu.

Mjukuu_Mkubwa: Atasema namvunjia baba yake heshima. Ngoja nimpigie kwanza fundi wa mabango, nijue kama ameshachapa.