Foliki asidi kabla ya mimba: kuanza lini, na mume afanye nini?

Chipukizi_22: Wadau, anayepanga kushika mimba aanze lini foliki asidi (vitamini ya kumkinga mtoto na mgongo wazi)? Kuna vidonge vya miligramu 5 na vya 0.4, tofauti ni nini? Na aliyekuwa kwenye sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu je? Mume naye ana kazi yoyote?

Mkunga_Mstaafu: 0.4 kila siku, walau mwezi mmoja kabla. Miezi mitatu ni bora zaidi. Endelea mpaka wiki ya 12. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati hedhi imechelewa wiki mbili tu na wengine hawajapima. Anayesubiri apewe kliniki wiki ya 10, kwa upande wa mgongo wazi (mfereji huo kutojifunga) dawa imekuta treni imeondoka.

Vya 5 huandikwa na daktari kwa wenye hatari kubwa: aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi, mwenye kisukari, selimundu, au anayetumia dawa za kifafa. Usifidie kwa kumeza multivitamini mbili mbili. Vitamini A ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kwa siku inaweza kumletea mtoto ulemavu.

Dawa_na_Dozi: Sindano hiyo huchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba. Wengi hushika mimba miezi kama 10 tangu ile ya mwisho, na huo si ugumba. Vidonge vya uzazi wa mpango, vijiti na kitanzi havina kawaida hiyo.

Mume: mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo sigara anayoacha leo matokeo yake utayaona baadaye. Kama anachoma testosteroni ya kujenga misuli aseme mapema, maana hiyo inaweza kuzima kabisa uzalishaji wa mbegu (wengi hudhani inaongeza!).

Dawa za kifafa zenye valproeti zina madhara makubwa kwa mimba, lakini usiziache ghafla. Daktari abadilishe kwanza, ndipo mjaribu.

Mkunga_Mstaafu: Niongeze vipimo: wingi wa damu, kundi la damu, sukari, presha, VVU, kaswende, homa ya ini B. Selimundu mpime wote wawili. Mkiwa AS nyote (mnabeba kinasaba cha selimundu bila kuugua), kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto SS (mwenye ugonjwa wenyewe), hata kama wa kwanza alitoka salama. Chanjo ya rubela ukichomwa, subiri mwezi mmoja.

Chipukizi_22: Asanteni. Na siku zenyewe za kushika mimba? Siku ya 14 ya mzunguko?

Dawa_na_Dozi: Hiyo ni ya mzunguko wa siku 28. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, hivyo mwenye mzunguko wa 32 ahesabu siku ya 18. Kwa huyo wa 32, kutaneni kila baada ya siku moja kuanzia siku ya 12 au 13. Mbegu huweza kuishi hadi siku tano, yai halimalizi siku mbili. Mwaka ukipita bila mimba, kapimweni wote. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msisubiri zaidi ya miezi 6.