Seva inaganda kila alfajiri, naomba ushauri mbele bosi anifukuze

Mudogo_Kampemba: Jambo ba-yaya wote. Nachunga seva ya farmasia moja hapa Lubumbashi. Linux, RAM 4 GB, swapu (memori ya akiba kwenye diski) niliizima. Mchana ni nzima, alfajiri inaganda: fakturi hazitoki, wagonjwa wamepanga mstari, nazima kwa kidole. Wiki 2 sasa. Amri ya kupima memori, free -m, inaonyesha imebaki MB 90 tu. RAM ni kidogo, ao? Niongeze 8?

Vye_Kamalondo: Mdogo wangu, 90 isikutishe. Linux haipendi memori ikae bure, inaijaza keshi ya faili, programu ikiomba inairudisha. Soma safu ya available, ndiyo memori inayoweza kutumika. Na kipimo kimoja hakisemi kitu. Weka kroni (inayotuma amri kwa saa ulizopanga) iandike kila dakika 5 free -m pamoja na ps aux --sort=-rss | head -20 (orodha ya programu zinazokula memori zaidi) ndani ya faili. Urudi na usiku 3.

MamaBukari: Kompyuta ya kanisa letu ilizimika kila ijumaa. Kumbe sentineli alikuwa anachomoa waya achaji simu yake. Uliza sentineli kwanza.

Mudogo_Kampemba: Nimerudi. Kila usiku ni vile vile: available saa 18:00 ni 2,100, saa 00:00 ni 1,150, saa 05:00 ni 340, kisha faili linakatika. Juu ya orodha ni databesi, 1,300, haikui. Kwa hiyo ni RAM.

Fundi_Ruashi: Memori inateremka ngazi kwa ngazi na databesi haikui. Chini yake kuko nini? Mbona umekata orodha?

Mudogo_Kampemba: Ni rsync tu, programu za kunakili bakapu. Kila nusu saa inaongezeka moja, 80 hivi kila moja. Kwenye STAT, safu ya hali yake, wameandika D.

Fundi_Ruashi: Tu?! D ni prosesi inayongojea diski ijibu. Isipojibu, inangoja huku imekumbatia memori yake. Diski gani hiyo?

Mudogo_Kampemba: Ya bakapu, haina shida. Yaya, mimi niliuliza juu ya RAM. Nimeshatoa avansi dola 20 na muuzaji harudishi.

Mtu_wa_Likasi: Wandugu, tunachezewa. Usiku wa pili Kampemba, mtaa wake huyu, kwa shangazi yangu ilikuwa giza mpaka asubuhi. Seva iliandika kwa umeme gani? Na kila akipewa dawa anarudia RAM, RAM. Huyu ni muuzaji wa RAM anatafuta wateja.

MamaBukari: Hahaha! Na mimi nimeshamwombea.

Mudogo_Kampemba: Siyo uongo! Farmasia iko na inverta na betri 2. Ni kwangu nyumbani ndiyo umeme unaondoka kila jioni.

Fundi_Ruashi: Nyumbani kwako kunaingia wapi hapa?

Mudogo_Kampemba: …Diski iko kwangu. Nimeiunganisha kwa NFS, seva inaiandikia kupitia mtandao. Bosi hajui. Waliiba mashine pale mwaka jana, nikaona heri nakala ikae mbali. Nilikosea wapi?

MamaBukari: Majina ya wagonjwa na dawa wanazomeza, yako chini ya kitanda chako?

Mudogo_Kampemba: Juu ya kabati, mama.

Vye_Kamalondo: Basi ndiyo hiyo. Umeme kwako ukiondoka, rsync ya kwanza inakwama. Kroni haiulizi kama mwenzake amemaliza, inatuma mwingine. Toka 18:00 mpaka 05:00 ni masaa 11, ni rsync 22, mara 80 ni 1,760. Toa kwenye 2,100 yako, inabaki 340. Hesabu yako mwenyewe hiyo. Anza amri ya kroni na flock -n, ni kama kufuli: ya pili ikikuta ya kwanza iko ndani, inarudi. Na umwambie bosi.

Mudogo_Kampemba: Flock nitaweka leo. Bosi nitamwambia kisha mwezi. Lakini na RAM ikiongezeka si itachelewa kuganda?

Fundi_Ruashi: Itachelewa. Itaganda mchana, duka limejaa.

Mtu_wa_Likasi: Samahani niliyosema. Hiyo RAM ya avansi ni aina gani, DDR3 ao DDR4? Kama ni DDR4 mimi nachukua.

Mudogo_Kampemba: DDR3.

Mtu_wa_Likasi: Aa, basi.